Swichi ya voltiji kwa vifaa vya ziada vya ndege ya kujijengea: njia tano, na ipi inafaa ndege ipi

Ndege ya kujijengea ikikaribia kukamilika, iwe RV-12 ya Van's kutoka Oregon au Sling 2 ya Afrika Kusini, nyaya za redio na skrini za mbele huwa zimeshapata mahali pake. Hubaki vile vidogo: soketi za USB, kamera ya bawani, feni ya kupoza tableti, taa ya kusomea ramani. Kimoja kimoja havitishi, lakini vikiwaka vyote kwa pamoja hufika ampea 5 bila shida. Navyo vina masharti matatu. Visile betri kabla injini haijawaka. Visiwe vimewashwa wakati stata inazunguka, kwa sababu voltiji hushuka hadi 9 au 10 kisha ikaruka juu ghafla. Na alteneta ikifa angani, viwe vya kwanza kukatwa.

Swichi ya voltiji hutimiza yote matatu bila rubani kuigusa. Inasoma voltiji ya ndege muda wote. Ikiona imepanda hadi kiwango ambacho ni alteneta peke yake inayoweza kukifikisha, inaunganisha vifaa. Voltiji ikishuka, inavikata.

Faida yake inaonekana kwenye hesabu ndogo. Chukua betri ya ampea-saa 16 iliyoanza kuzeeka, imebaki na 12 za kweli. Redio, transponda (kifaa kinachoijibu rada ya waongoza ndege), skrini na pampu ya mafuta zile ampea 6, vifaa vya ziada 5. Alteneta ikikatika, jumla ya ampea 11 inakupa kama saa 1 tu. Ukivikata vile vya ziada, unapata kama saa 2. Kiuhalisia tofauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa ubavuni. Muda huo unatosha kufika uwanja wenye mafundi badala ya kutua popote palipo karibu, na rubani wengi hawakumbuki kuzima kamera wakati taa nyekundu imewaka mbele yao.

Kuna mpaka mmoja ambao sitaki mtu auvuke. Redio, transponda, skrini ya kuongozea, pampu ya mafuta na mfumo wa cheche wa kielektroniki havipiti kwenye swichi hii kamwe, hata kama nafasi ipo na waya uko karibu. Chochote ambacho kikizimika ghafla kitakufanya uanze kutafuta pa kutua, kiwe na njia yake ya umeme.

Pima kwanza, ununue baadaye

Wengi huanza kwa kuuliza saketi gani ni bora. Swali linalotangulia ni betri gani umefunga na injini yako inachaji kwa volti ngapi. Majibu ya hayo mawili huondoa nusu ya machaguo kabla hujashika chuma cha kulehemu.

Betri ya risasi ya kawaida, ikiwa imejaa na imepumzika, husoma kati ya volti 12.6 na 12.7. AGM, yaani betri ya risasi iliyozibwa isiyomwagika, ikijaa husoma 12.8 hadi 12.9. Lithiamu aina ya LiFePO4, ambayo wajenzi wengi wanaipenda kwa wepesi wake, hukaa 13.2 au 13.3 na haishuki sana mpaka inapokaribia kuisha. Upande wa kuchaji, injini ya Lycoming yenye alteneta ya mkanda kwa kawaida hutoa 14.0 hadi 14.4. Injini ya Rotax 912 ni habari nyingine. Jenereta yake ya sumaku imejengwa ndani ya injini, inatoa takribani wati 250 kwa mizunguko ya juu, na Rotax wenyewe wanataja volti 13.5, ikizidi au kupungua kwa 0.2.

Sasa ziweke namba hizo pamoja. AGM na Lycoming: kutoka 12.9 hadi 14.2 kuna volti 1.3 za kuchezea, na karibu kila swichi itafanya kazi. AGM na Rotax: nafasi ni volti 0.6 tu, inabidi uwe makini. LiFePO4 na Rotax: 13.3 dhidi ya 13.5. Hapo voltiji haiwezi kukuambia kwa uhakika kama injini inachaji au imezimwa, na hakuna saketi, hata iwe ya gharama gani, itakayosoma taarifa ambayo haipo.

Kwa hiyo shika mita ya dijitali na upime kwenye basbaa (ukanda wa chuma unaogawa umeme) ya ndege yako mwenyewe: injini ikiwa mizunguko ya safari na vifaa vyote vimewashwa, kisha ikiwa sailensa, yaani mizunguko ya chini kabisa, kisha nusu saa baada ya kuzima. Namba tatu hizo ndizo zinazochagua.

Swichi ya mkono

Haina kizingiti (voltiji ya kuwasha au kuzima) cha kukosea, haina saketi ya kuungua, na fundi yeyote ataielewa. Inategemea kumbukumbu ya rubani, basi. Kwa ndege yenye soketi moja ya USB na si zaidi, weka hii na uendelee na kazi nyingine.

Rilei ya voltiji ya dukani

Rilei ni swichi inayovutwa na koili ya sumaku. Hii ndiyo ile kasha nyeusi inayofungwa kwenye boti, na kwenye Land Cruiser za safari Kenya na Tanzania, ili betri ya pili ya friji ichajiwe injini ikiwaka na isiinyonye betri ya kwanza gari likisimama. Nyingi hushika kwenye volti 13.3 na kuachia kwenye 12.8, na baadhi husubiri hadi 13.7 ndipo zishike. Imefungwa dhidi ya maji na vumbi, imezoea mtikisiko, na ina uchelewesho wa ndani unaozuia isipigepige.

Kwa AGM na alteneta ya Lycoming naipendekeza bila kusita kwa mtu asiyependa kulehemu. Ubaya wake uko sehemu mbili. Kwanza, imetengenezwa kubeba ampea 100 na zaidi, kwa hiyo unabeba shaba na plastiki ya kazi usiyokuwa nayo. Pili, vizingiti vyake vimefungwa kiwandani. Ukikuta imeandikwa 13.7 na Rotax yako inachaji 13.5, haitashika hata siku moja. Soma karatasi yake kabla ya kulipa, na uitafute ile inayotaja namba zote mbili, ya kushika na ya kuachia. Isiyotaja ya kuachia iache dukani.

Kuna mkato ambao huja akilini haraka: rilei ya kawaida ya gari na dayodi ya zena (inayopitisha umeme kinyume pale tu voltiji inapofika kiwango chake) mfululizo na koili yake. Wazo ni kwamba zena ya volti 5 au 6 itaizuia rilei isishike mpaka voltiji ifike 13. Kushika, itashika. Tatizo ni kuachia. Rilei ya gari ikishashika kwa volti 7 au 8 za koili, hubaki imeshika hadi koili ibakiwe na volti 4 au pungufu. Jumlisha na zena, unapata kwamba vifaa vitakatwa betri ikiwa imefika 10. Betri ya risasi huhesabiwa imekwisha kwenye 10.5. Yaani swichi hiyo itasubiri betri ife ndipo ianze kuiokoa. Usiitumie.

Saketi ya kompareta

Kwa mtu anayeweza kulehemu, hii ndiyo chaguo langu kwa ndege yenye betri ya risasi au AGM, na hasa kwa Rotax, kwa sababu vizingiti unavipanga mwenyewe kufuata namba ulizopima.

Moyo wake ni chipu mbili za bei ndogo. LM393 inalinganisha voltiji mbili na kusema ipi kubwa. Inavumilia umeme wa hadi volti 36. TL431 inatoa rejea, yaani voltiji ya kulinganishia, thabiti ya volti 2.495, iwe betri iko 11 au 14. Voltiji ya ndege inapunguzwa kwa rezista mbili, kiloomu 43.2 juu na kiloomu 10 chini, kisha inapelekwa kwenye mguu chanya wa kompareta. Rejea inakaa mguu hasi. Toleo la kompareta, yaani mguu wa jibu, linavutwa juu kwa rezista ya kiloomu 10, nalo linawasha mosfeti (swichi ya kielektroniki) ya aina N kama IRF540, inayovuta koili ya rilei.

Rezista inayobeba siri yote ni ile ya megaomu 1, kutoka kwenye toleo kurudi mguu chanya. Hiyo ndiyo inayoleta pengo kati ya kuwasha na kuzima. Kwa thamani hizi, swichi inashika kwenye volti 13.38 na kuachia kwenye 12.83. Bila hiyo rezista, kifaa cha kwanza kikiwaka voltiji inashuka kidogo, swichi inakata, voltiji inapanda, inashika tena, na rilei inatatarika mpaka pointi zake ziungue.

AGM iliyojaa yenyewe hukaa karibu na 12.83, hivyo kwa betri hiyo ningepandisha kuachia hadi 13.05 hivi. Ukibadilisha 43.2 kuwa 44.2 unapata kushika 13.63 na kuachia 13.06. Kwa Lycoming ni safi kabisa. Kwa Rotax inayochaji 13.5, tayari umepita: swichi haitashika. Suluhisho ni kupunguza pengo kwa kutumia megaomu 2.2 badala ya 1, ambayo huleta pengo la robo volti hivi, kisha kushusha kizingiti cha kushika hadi karibu 13.3.

Hata rezista za asilimia 1 na TL431 ya daraja la kawaida zikikosea zote upande mmoja zinaweza kusogeza kizingiti kwa robo volti na zaidi, na kwenye Rotax robo volti ni karibu nusu ya nafasi yote uliyonayo. Kwa hiyo rezista ya juu igawe: kiloomu 40.2 isiyobadilika, mfululizo na rezista ya kurekebisha ya kiloomu 5 yenye mizunguko mingi. Hapo unaweza kuweka kushika popote kati ya 12.6 na 13.9. Ukishapanga, ifunge kwa tone la rangi ya kucha ili mtikisiko usiisogeze.

Uchelewesho nao unahitajika. Ukishusha flapu au ukiwasha taa ya kutua, voltiji hudidimia kwa muda mfupi, na wakati wa kusogea taratibu uwanjani Rotax haina nguvu ya kutosha kubeba kila kitu. Kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya mguu chanya na upande hasi wa betri huifanya saketi isome wastani wa sekunde kadhaa badala ya kila mtikiso. Tafuta yenye uvujaji mdogo, la sivyo nayo itasogeza kizingiti.

Halafu ulinzi. Alteneta ikitenganishwa ghafla na betri huku inachaji kwa nguvu inaweza kurusha mshindo wa volti 80 na zaidi kwa sehemu ya sekunde. LM393 haivumilii hiyo. Weka dayodi ya kukata mishindo kwenye mlango wa umeme wa saketi, yenye volti za kazi 18 hivi, pamoja na rezista ndogo mbele yake, na dayodi ya 1N4007 kinyume juu ya koili ya rilei. Angalia pia geti ya mosfeti, mguu wa kuiwashia: kikomo chake ni volti 20, hivyo zena ya volti 15 pale si anasa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiache rilei tukatumia mosfeti ya aina P kama IRF4905 kubeba vifaa moja kwa moja. Kwa joto haina shida: kwa ampea 5 inapoteza kama nusu wati tu. Mimi nabaki na rilei kwa sababu ya namna vitu vinavyokufa. Mosfeti ikiungua mara nyingi hubaki imeunganisha, na vifaa vinaendelea kula betri kimya kimya. Rilei ikipoteza koili au waya wake, inaachia.

Na rilei ya miguu mitano ina zawadi ndani yake. Mguu wa 30 unaungana na 87 rilei ikishika, na 87a ikiachia. Funga taa ya rangi ya machungwa kwenye 87a. Itawaka kabla ya kuwasha injini, itazimika alteneta ikianza kuchaji, na ikiwaka tena angani ujue chaji imekatika. Hata saketi yenyewe ikikosa umeme, taa inawaka. Hiyo ni muhimu kuliko kuokoa ampea 5, kwa sababu swichi inayokata mizigo kimyakimya inaweza kumfanya rubani asigundue kwamba anaruka kwa betri.

Maikrokontrola

ATtiny85, kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, na mistari michache ya programu hufanya kila kitu kilichotajwa juu, na uchelewesho wowote unaoutaka: sekunde 30 za kusubiri kabla ya kuwasha, dakika 2 kabla ya kuzima, kumetesha taa kabla ya kukata ili mtu ahifadhi video yake. Kubadilisha kizingiti ni kubadilisha namba moja.

Bei ya uhuru huo inalipwa kwingine. Rejea ya ndani ya chipu hiyo inaitwa ya volti 1.1, lakini inaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2, kwa hiyo kila chipu lazima ipimwe na kusahihishwa peke yake. Inahitaji regulata ya volti 5 na kinga dhidi ya kuganda stata inapozunguka. Na saa yake ya ndani hupiga kwa megahezi 8. Mara 15 ya hiyo ni 120, katikati ya masafa ya redio za ndege yanayoanzia 118. Ukiiweka karibu na waya wa antena bila kasha la chuma na feraiti (pete ya kuzuia kelele za redio), unaweza kusikia mkwaruzo kwenye redio. Kompareta haina saa, hivyo haina kelele hiyo. Kwa anayependa kuandika programu na ana subira ya kupima kelele, ni njia halali. Kwa wengine naona ni ugumu uliozidi kazi.

Swichi ya presha ya oili

Kwa LiFePO4, achana na voltiji. Swichi ya presha ya oili, ile ile inayoendesha mita ya saa za injini, huunganisha umeme injini ikizunguka na kuukata ikisimama. Ikiendesha koili ya rilei, vifaa vya ziada vinafuata injini, na wakati wa stata vinakuwa bado havijawashwa. Wajenzi wengi tayari wana kiungio hicho kwenye bomba la oili. Asiyenacho afikirie mara mbili kuongeza mahali pengine pa kuvuja.

Haijui alteneta ikifa huku injini inanguruma. Hapo lazima uwe na onyo la voltiji ndogo mahali macho yanapofika, na swichi ya mkono ya kukata vifaa. Angani, na LiFePO4 inayoshuka polepole kisha kuanguka ghafla mwishoni, onyo lenye kizingiti chini kidogo ya voltiji yako ya kuchaji ndilo linalokupa muda.

Kuunganisha, njia yoyote utakayochagua

Umeme wa saketi uutoe baada ya swichi kuu. Kompareta na rejea yake hula miliampea 2 au 3 hata zikiwa zimeachia. Ndege ikilala mwezi mzima hiyo ni karibu ampea-saa 2, zaidi ya sehemu ya kumi ya betri ndogo.

Waya wa kusoma voltiji uwe wake peke yake mpaka kwenye basbaa. Waya wa milimita za mraba 0.8 una kama omu 0.021 kwa mita. Mita 2 kwenda na 2 kurudi, kwa ampea 5, hupoteza volti 0.42. Saketi ikisoma mwisho wa waya huo huo unaobeba vifaa, karibu pengo lote la nusu volti limeliwa na waya, na utalaumu chipu isiyo na kosa.

Weka swichi ya nafasi tatu kwenye paneli: zima, yenyewe, washa. Nafasi ya washa inairuka saketi, kwa siku utakayotaka kuchaji simu ndege ikiwa imeegeshwa, au saketi ikigoma. Fyuzi ya kila tawi ikae karibu na basbaa.

Jaribu mezani kwanza kwa sapulai inayorekebishika: panda taratibu kutoka 12 hadi 14.5, andika iliposhika, shuka, andika ilipoachia, kisha rudia saketi ikiwa imepashwa joto kwa feni ya kukaushia nywele. Ndani ya ndege ya Lycoming, injini ikiwa mizunguko ya kati na ndege imefungwa magogo, zima swichi ya fildi ya alteneta (ile inayoifanya iache kuchaji) na uhesabu sekunde hadi taa iwake. Kwenye Rotax usichomoe waya wa regulata wala betri injini ikizunguka, utaiharibu regulata. Zima injini, acha swichi kuu imewashwa na vifaa vikila, na utazame mita hadi rilei iachie.